Mama Anakula, Lakini Damu Haiongezeki



Kila siku ya kupima mimba tunasikia maneno haya: "Munganga, unasema damu yangu iko kidogo, lakini miye ninakula. Ninakula ugali, ninakula sombe, hata maharagi sikose. Juu gani damu haiongezeke?"

Ni ulizo la akili. Lakini mara nyingi mama anapewa jibu la haraka: "Enda ule vizuri zaidi." Anarudi nyumbani na haya, akifikiri kosa ni lake. Leo tufundishane juu ya jambo lisilosemwa sana katika kiliniki: kuna watu wanaokula, chakula kinafika tumboni, lakini mwili haupokei kitu kimoja kinachohitajiwa kwa kutengeneza damu. Kitu hicho ni vitamini.

Soma polepole, na umsomee pia jirani asiyejua kusoma.

DAMU INATENGENEZWA WAPI?

Watu wengi wanafikiri damu inatengenezwa ndani ya moyo. Sivyo. Moyo ni pompi tu ya kuisukuma. Chembe nyekundu za damu zinatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho, yaani ile sehemu laini unayoiona ukivunja mfupa wa mbuzi. Chembe moja inaishi siku 120 hivi, ni kusema miezi 4, kisha inakufa. Kwa hiyo uboho haupumziki. Unafanya kazi usiku na mchana, kama jiko ambalo moto wake hauzimwi.

Kwa kazi hiyo uboho unahitaji vitu vingi, lakini vitatu ni vikubwa: madini ya chuma (tunayoita fer), vitamini inayoitwa asidi foliki, na vitamini B12. Fikiri nyumba ya matofali. Kama matofali ni mengi lakini udongo wa kuyashikisha hauko, nyumba haisimami. Hivyo hivyo mama anaweza kuwa na fer ya kutosha, lakini akikosa B12, damu haitengenezwi vizuri.

Munganga wa labo akitazama damu kwa mikroskopi anaweza kuona tofauti. Fer ikikosekana, chembe zinakuwa ndogo na rangi yao imefifia. Asidi foliki au B12 ikikosekana, chembe zinakuwa chache na kubwa kupita kiasi, kama matunda yaliyovimba bila kuiva.

DALILI ZA DAMU KIDOGO

Vuta chini ukope wa jicho mbele ya kioo. Ndani kunapaswa kuwa kwekundu. Tazama pia viganja vya mikono na ulimi. Vikiwa vyeupe, damu imepunguka. Dalili zingine ni hizi:

– kuchoka hata asubuhi, kabla ya kazi;
– moyo kupiga mbio ukipanda mlima au ukibeba maji;
– kizunguzungu, na kichwa kuuma;
– pumzi kukatika.

Dalili hizi ni za kila namna ya damu kidogo. Lakini ukosefu wa vitamini B12 una dalili zake zaidi, na tunaomba uzishike sana:

– ulimi unakuwa laini kama umepanguswa, mwekundu, unauma ukila pilipili au chumvi;
– miguu na mikono inakufa ganzi, au unasikia kama siafu wanatembea chini ya ngozi;
– unayumba ukitembea, zaidi sana gizani;
– unasahau sahau, au tabia inabadilika na watu wa nyumbani hawakuelewi.

NAMNA VITAMINI INAVYOPITA TUMBONI

Asidi foliki inapokelewa katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Safari yake ni fupi. Lakini safari ya B12 ni ndefu, na ina hatua nne.

Kwanza, B12 inaingia ikiwa imeshikamana na nyama, samaki, yai au maziwa. Pili, maji makali ya tumbo, yale unayoyasikia kooni ukitapika, yanaitenganisha na chakula hicho. Tatu, ukuta wa tumbo wenyewe unatoa kitu ambacho hapa tutakiita msindikizaji. Msindikizaji anashikana na B12 na kwenda nayo pamoja. Nne, wanafika mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na hapo tu ndipo B12 inapokelewa na kuingia katika damu.

Mama, wewe unajua bariere ya njia kuu. Hata ukiwa na mizigo mizuri namna gani, bila karatasi hawakupitishi. Mwisho wa utumbo ni bariere hiyo, na msindikizaji ndiye karatasi. B12 isiyo na msindikizaji inabaki ndani ya utumbo na kutoka na choo. Mama amekula, lakini hakupata.

Tena kuna jambo linalodanganya watu. Maini ya mtu yanaweka akiba ya B12 ya miaka, mara nyingi miaka 2 mpaka 5. Kwa hiyo tumbo likiharibika leo, ugonjwa hauonekani leo wala kesho. Unakuja baada ya miaka, na mtu amekwisha kusahau mwanzo wake. Akiba ya asidi foliki ni ya miezi michache tu, kwa hiyo upungufu wake unaonekana upesi, zaidi sana wakati wa mimba, maana mtoto anachukua sehemu kubwa.

NAMNA WAGANGA WALIVYOJUA JAMBO HILI

Zamani, mtu ambaye tumbo lake halitoi msindikizaji alikuwa akifa. Waganga wa Ulaya na Marekani waliona ugonjwa huo, wakauita jina baya maana walishindwa kuuponya. Katika mwaka wa 1926, waganga wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa waliolishwa maini mengi kila siku walianza kupona. Katika 1934 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao George Whipple.

Lakini juu gani maini mengi hivi? William Castle, pia wa Boston, alitafuta sababu. Aliwapa wagonjwa nyama ya ng'ombe peke yake, damu haikuongezeka. Kisha aliwapa nyama iliyokwisha kukaa ndani ya tumbo la mtu mwenye afya, na damu ikaanza kupanda. Hivyo alijua kwamba tumbo zima linatoa kitu ambacho tumbo la mgonjwa halitoi. Vitamini B12 yenyewe ilipatikana ikiwa safi katika 1948.

Na asidi foliki? Hiyo tuliijua kwa sababu ya wanawake wenye mimba. Munganga mwanamke wa Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay katika India mwishoni mwa miaka ya 1920, akawakuta wanawake maskini wenye mimba wakiwa na damu kidogo ya chembe kubwa. Aliwapa dawa ya maini, akawapa pia kitu cha bei ndogo kinachotokana na hamira, na wakapona. Alitangaza habari hiyo katika 1931. Baadaye kitu hicho kilichowaponya kilijulikana kuwa asidi foliki, na jina lake linatoka katika neno la Kilatini la jani, maana iko nyingi katika majani mabichi. Ukipewa vidonge vya kiliniki, ujue kwamba akili yake ilitoka kwa bamama kama wewe.

NANI YUKO KATIKA HATARI?

Tuseme ukweli: hapa kwetu, mama au mtoto mwenye damu kidogo mara nyingi ana malaria, au njoka za tumbo zinazonyonya damu, au fer haimtoshi, au mimba zimefuatana bila kupumzika. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa SS. Munganga ataanza kutafuta hayo kwanza. Lakini afikiri pia tumbo lisilopokea vitamini, kama mtu ni mmoja wa hawa:

1. Mtu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo au ya utumbo.
2. Mtu anayeharisha kwa majuma na miezi, au aliye na kifua kikuu cha matumbo, au virusi vya ukimwi pasipo dawa.
3. Mtu mwenye ugonjwa wa tumbo wa siku nyingi, unaochoma ukuta wa tumbo.
4. Mtu anayekunywa kila siku, kwa miaka, dawa ya sukari inayoitwa metformini, au dawa za kupunguza ukali wa maji ya tumbo.
5. Mtu ambaye mwili wake wenyewe unashambulia ukuta wa tumbo. Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa watu wazima na wazee, lakini hata mwanamke kijana anaweza kuupata.
6. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku. Huyo anakosa zaidi asidi foliki.

Na kuna mtu mwingine ambaye tumbo lake ni zima, lakini hali nyama, samaki, yai wala maziwa, ama kwa umaskini, ama kwa miiko. Huyo hana B12 ya kupokea.

KOSA AMBALO SITALISAHAU

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha kosa lake anafundisha nusu tu.

Nilipokuwa ningali kijana katika kazi, alikuja mama mmoja wa watoto 4. Alichoka, macho meupe, ulimi ulimwaka. Nilivuta ukope, nikasema, "Damu kidogo." Nikampa vidonge vya fer na asidi foliki. Baada ya mwezi alirudi, uso umechangamka, na labo ikasema damu imepanda. Tulifurahi sote wawili. Akiwa mlangoni aliniambia, "Munganga, usiku nasikia siafu katika miguu." Nikamjibu, "Ni uchovu wa shamba, mama. Itapita." Nikamwongezea vidonge vile vile.

Miezi ikapita. Siku moja aliletwa na binti yake, akimshika mkono. Alikuwa amekanyaga kaa la moto jikoni na hakusikia. Binti ndiye aliyesikia harufu. Gizani hakuweza kwenda choo peke yake, maana aliyumba kama mtu aliyelewa. Kule mtaani walikuwa wamekwisha kusema amelogwa.

Daktari alimlaza na kufunua tumbo. Palikuwa na kovu refu. Miaka 6 mbele alipasuliwa mahali pengine juu ya kidonda cha tumbo, wakakata sehemu kubwa. Hakuna aliyemwambia kwamba atahitaji B12. Na mimi sikumwuliza. Kovu lilikuwa pale siku zote, chini ya kitenge.

Fahamu jambo hili, maana ni kubwa kuliko yote katika kitabu hiki kidogo. Asidi foliki inaweza kupandisha damu ya mtu aliyekosa B12, lakini haiponyi mishipa ya fahamu. Uso unakuwa mzuri, labo inasema vizuri, na huku mishipa ya miguu na ya mgongo inaendelea kuharibika. Vidonge nilivyompa vilificha ugonjwa machoni pangu.

Tulimpiga mashindano ya B12. Ulimi uliacha kuuma katika majuma machache. Miguu ilirudi polepole, kwa miezi, na haikurudi yote. Alitembea na fimbo. Kwa ajili ya fimbo ile ninawauliza bamama wote maulizo matatu, na wanafunzi wangu wa shule ya wauguzi ninawafundisha hivyo hivyo:

– Umekwisha kupasuliwa tumbo?
– Miguu au mikono inakufa ganzi?
– Unaharisha siku nyingi, au kuna dawa unayokunywa kila siku?

Kama munganga hakuulizi, wewe mwenyewe mwambie. Usingoje. Usifiche kovu.

DAWA YAKE

Tumbo likikosa msindikizaji, kula maini kidogo hakutoshi. Dawa ni shindano la B12 katika nyama ya mwili, ambalo linaruka bariere ya utumbo. Mwanzoni linapigwa mara kwa mara, kisha kila miezi 2 au 3. Mtu aliyekatwa tumbo lote, au aliye na tumbo lisilotoa msindikizaji, analihitaji maisha yote. Kuna pia vidonge vyenye kipimo kikubwa, mikrogramu 1000 kila siku; katika wingi huo sehemu ndogo inapita hata bila msindikizaji. Munganga atachagua.

Damu inaanza kupanda mapema, kwa siku chache tu. Hapo ndipo wengi wanaacha dawa. Usiache. Akiba ikiisha, ugonjwa unarudi, na mishipa haingojei.

Kama sababu ni kuharisha au ugonjwa wa utumbo, huo nao lazima utibiwe. Kumwaga maji katika mtungi uliotoboka ni kazi ya bure.

Mama mwenye mimba, usiache vidonge vya fer na asidi foliki vya kiliniki. Vinakusaidia wewe na mtoto. Asidi foliki kabla ya mimba na katika miezi ya kwanza inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Lakini usijinunulie sokoni vidonge vikubwa vya miligramu 5 na kuvichanganya na dawa ya SP ya kuzuia malaria. Vinaweza kupunguza nguvu ya SP.

CHAKULA KINACHOSAIDIA

Asidi foliki iko katika lengalenga, matembele, maharagi, karanga, na maini. Moto mwingi na maji mengi vinaiharibu. Kwa hiyo lengalenga na matembele uyaoshe kwanza, uyakate baadaye, uyapike kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, na usimwage maji yake. Lakini sombe si hivyo! Sombe ina sumu; uiponde na kuipika sana kama mama zetu walivyotufundisha. Usiipunguzie moto kwa kutafuta vitamini.

B12 haiko katika sombe, wala katika maharagi, wala katika ugali. Iko katika vitu vya wanyama: samaki, nyama, maini, mayai, maziwa. Usiseme, "Sina pesa ya nyama." Ndagala na sambaza, wale samaki wadogo wanaoliwa wazima, wana B12 nyingi. Saga ndagala kavu kuwa unga, na utie kijiko kimoja katika sombe au katika uji wa mtoto. Na ile desturi ya kumpa baba samaki na kumwachia mama mwenye mimba mchuzi tu, tuizungumze nyumbani kwa upole. Mwenye mimba anakula kwa ajili ya watu wawili.

Chai na kahawa usizinywe pamoja na chakula, maana zinazuia fer. Ngoja saa moja au mbili. Chungwa au mapera, kinyume chake, yanasaidia fer kupokelewa.

MTOTO ANAYENYONYA

Maziwa ya mama yanatosha mtoto kwa miezi 6 ya kwanza. Lakini mama akikosa B12 mwilini, maziwa yake nayo yanakosa. Mtoto anazaliwa anaonekana mzuri, kisha baada ya miezi michache anakuwa mweupe na mlegevu, hachezi, anakataa chakula, pengine anatetemeka. Mtoto aliyekuwa akikaa anaacha kukaa. Usimkatishe ziwa! Mlete pamoja na wewe mwenyewe. Wote wawili mtatibiwa. Ukichelewa, akili na mwili wake vinaweza kubaki nyuma.

MAULIZO YA BAMAMA

"Munganga, nipige lile shindano nyekundu la kuleta nguvu."
B12 ni nyekundu, ndiyo, lakini si damu. Kama mwili wako hauikosi, haitaongeza kitu. Anayekosa fer hapati fer ndani yake. Tupime kwanza. Wala usipigwe shindano na watu wa njiani. Sindano chafu inaleta magonjwa makubwa kuliko uliyo nayo.

"Je, nitiwe damu ya mtu mwingine?"
Damu ya mwingine ni kwa hatari kubwa, mtu akiwa karibu kufa. Anayekosa vitamini mara nyingi anapona kwa vitamini.

"Damu kiasi gani ni kidogo?"
Kwa mwenye mimba, chini ya gramu 11 ni kidogo. Chini ya 7 ni hatari. Namba hiyo imeandikwa katika fishi yako. Uombe uelezwe.

"Wanasema ganzi ya miguu ni ulozi."
Yule mama wa fimbo walimsema hivyo. Kovu lilikuwa tumboni mwake, na dawa ilikuwa katika kabati yetu.

KUMBUKA

1. Kula ni jambo moja, kupokea ni jambo lingine.
2. Damu kidogo pamoja na ganzi ya miguu: uje upesi, usiseme ni uchovu.
3. Mwambie munganga habari ya kupasuliwa, kuharisha, na dawa unazokunywa.
4. Vidonge vya asidi foliki peke yake haviponyi ukosefu wa B12.
5. Shindano la B12 usiliache kwa sababu umeona nguvu.
6. Ndagala kidogo kila siku ni bora kuliko nyama nyingi siku ya sikukuu tu.

Ukirudi siku ya kupima, lete fishi yako, na lete pia maulizo yako. Mama anayeuliza hatusumbui hata kidogo. Anatusaidia tusikosee.